Lori Lililofeli Breki na Mwenye Gari Aliyenyamaza

Lori lilikuwa likishuka mlima nchini Uingereza. Dereva akakanyaga breki, mguu ukazama hadi chini bila kitu kushika. Gari likazidi kwenda, likamgonga na kumuua mwanamume aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye gari lililoegeshwa. Mjane wake akawashtaki wawili: kampuni iliyomiliki lori, na dereva aliyekuwa kwenye usukani. Akashindwa Mahakama Kuu. Akakata rufaa, akashindwa tena. Mwaka 1969 shauri likafika House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na huko majaji watatu kati ya watano wakampa haki yake dhidi ya kampuni. Wanasheria huliita shauri hilo Henderson dhidi ya Henry E Jenkins & Sons.

Nimelichagua kwa sababu utetezi wa kampuni ile ndio tunaousikia baada ya ajali nyingi kwenye miteremko yetu. Kitonga, Sekenke, Iwambi pale Mbeya, Salgaa kule Kenya: lori linashuka, linaparamia daladala na bodaboda, watu wanakufa, na kabla majeruhi hawajafika hospitali maelezo yameshapatikana. Lilifeli breki. Maneno hayo husemwa kama vile yamemaliza kila kitu, kana kwamba chuma kimeamua chenyewe na hakuna binadamu wa kuulizwa. Ndugu wa marehemu nao huyapokea, husema ni mipango ya Mungu, huzika, hurudi nyumbani na watoto wasio na wa kuwalipia ada. Nina hakika kwamba wengi wao walikuwa na madai halali na hawakuyafikisha popote, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba breki kufeli ni jambo la kuchunguzwa na kuhojiwa mahakamani kama jambo lingine lolote.

Turudi kwenye lile lori, maana mambo yote yamo ndani ya bomba moja la chuma.

Breki zake zilikuwa za mafuta. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukumwa kupitia mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, na msukumo huo ndio unaobana breki. Bomba likitoboka, mafuta hutoka nje, msukumo hupotea, na pedali huwa kipande cha chuma kisicho na kazi. Baada ya ajali ndivyo ilivyogundulika: bomba moja lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba ukuta wake ulibaki kama sehemu moja ya saba ya unene wake wa awali, na siku ile dereva alipokanyaga breki likapasuka. Lori lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitano na lilikuwa limekwisha kutembea maili zisizopungua 150,000, yaani kama kilomita 240,000.

Sasa sikiliza utetezi, maana haukuwa wa kipuuzi hata kidogo. Kampuni ilithibitisha kwamba mafundi wake walilikagua lori kwa vipindi maalumu na kwamba bomba lile lilikuwa likitazamwa mahali lilipofungwa. Sehemu zinazoonekana hazikuwa na kutu ya kutia wasiwasi. Kutu ilikuwa upande usioonekana, na njia pekee ya kuiona ilikuwa kulifungua bomba lote na kulitoa kwenye gari. Hilo halikuwahi kufanyika kwa miaka yote mitano, lakini wataalamu walieleza kwamba haikuwa desturi kulifanya ikiwa sehemu zinazoonekana ziko salama. Watengenezaji hawakuwa wameshauri hivyo, wala wizara ya usafirishaji. Kwa hiyo, ikasema kampuni, hii ni kasoro iliyofichika. Tulifanya yote ambayo mtu makini angefanya, na kasoro ikatupita.

Ukisikia hayo unaweza kuona kwa nini mjane alishindwa mara mbili. Sheria ya uzembe tuliyorithi kutoka Uingereza haimtaki mwenye gari ahakikishe kwamba gari lake halitaharibika kamwe. Inamtaka awe na uangalifu ambao mtu makini mwenye gari la aina ile angekuwa nao. Kitu kikiharibika pamoja na uangalifu huo wote, aliyeumia hana wa kumdai kwa msingi wa uzembe. Ni kanuni ngumu kwa aliyefiwa, na sitajifanya kwamba haipo. Anayewaambia wateja wake kuwa kila ajali ya gari bovu inalipwa anawadanganya.

Lakini katika ushahidi wa wataalamu kulikuwa na jambo moja ambalo mahakama za chini hazikulipa uzito uliostahili. Walisema kwamba kutu ya namna ile, mahali pale, kwa kiwango kile, si ya kawaida. Mabomba ya malori mengine ya aina hiyo hayakuliwa hivyo. Maana yake kuna kitu kililipata lori hili ambacho hakikuyapata mengine. Pengine lilibeba kemikali ikavuja. Pengine lilipita mara nyingi kwenye maji ya chumvi. Kuna jambo katika historia ya gari hili, nalo lilitokea likiwa mikononi mwa wenyewe.

Na nani aliijua historia hiyo? Mjane hakuijua. Angejuaje lori la watu wengine lilibeba nini miaka mitatu iliyopita, lilipita wapi, liliwahi kumwagikiwa na nini? Polisi hawakuijua, na fundi aliyelikagua baada ya ajali aliona matokeo tu. Waliokuwa na vitabu vya safari, hati za mizigo, kumbukumbu za gereji na madereva wa kuulizwa ni kampuni peke yao. Nao katika kesi nzima hawakusema lolote juu ya hilo. Walileta ushahidi wa namna walivyokagua. Hawakuleta ushahidi wa maisha ya lori.

Ukimya huo ndio uliowaangusha. Lord Donovan, mmoja wa wale majaji watatu, alieleza kwamba anayejitetea kwa kasoro iliyofichika lazima authibitishe utetezi wake mwenyewe: aonyeshe kwamba alichukua uangalifu wote unaostahili, na kwamba pamoja na uangalifu huo kasoro ilibaki imejificha. Kiasi cha uangalifu kinachostahili kinategemea mazingira. Lori lililobeba saruji na mbao maisha yake yote, kulitazama bomba mahali lilipofungwa kunatosha. Lori lililokuwa likibeba vitu vinavyokula chuma, mwenyewe anatakiwa ajue kwamba ukaguzi wa kawaida hautoshi na kwamba bomba lile linapaswa kufunguliwa. Mahakama haikuweza kujua hili lilikuwa lori la namna gani, kwa sababu aliyejua hakusema. Lord Reid na Lord Pearson walikubaliana naye, na kampuni ikawajibika.

Lord Guest na Viscount Dilhorne walipinga, na upinzani wao unastahili kusomwa kwa heshima. Kwao, mwenye lori aliyekagua kama inavyokaguliwa na kufuata ushauri uliokuwepo alikuwa ametimiza wajibu wake. Kuna ukweli hapo: ukimtaka mtu akanushe kila balaa linaloweza kufikirika, unakaribia kumfanya mdhamini wa gari lake. Mimi nasimama na watatu, kwa sababu hawakuitaka kampuni ikanushe kila linalofikirika. Walitaka ijibu swali moja lililotokana na ushahidi uliokuwa mezani: hii kutu isiyo ya kawaida imetoka wapi, na mlikuwa na sababu ya kuihofia? Swali hilo lilikuwa na watu wa kulijibu, na watu hao walikuwa upande mmoja tu wa chumba cha mahakama.

Ieleweke vizuri pia kile ambacho uamuzi huo haukusema. Haukusema kwamba mzigo wa kuthibitisha uzembe umehama moja kwa moja kutoka kwa mdai. Mjane alibaki na mzigo wake hadi mwisho wa kesi. Kilichobadilika ni kwamba, mara ilipothibitika kuwa lori lilishuka mlima bila breki na kuua mtu, kulikuwa na dalili ya uzembe iliyohitaji maelezo, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa nusu. Nusu nyingine iliyokosekana ikahesabiwa dhidi ya aliyekuwa nayo.

Kwetu hoja hii ina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Hukumu ya Henderson haizifungi mahakama za Tanzania wala za Kenya, inashawishi tu. Ila mwaka 1968, kabla ya House of Lords kuamua, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshagusa jambo hilohilo katika shauri la Embu Public Road Services dhidi ya Riimi, la ajali ya basi. Ilisema kwamba ajali ikitokea katika mazingira ambayo kwa kawaida haitokei pasipo uzembe, mdai ametimiza wajibu wake wa awali, na mdaiwa ndiye atakayetoa maelezo yanayoonyesha kwamba chanzo hakikuwa uzembe wake. Wanasheria huiita kanuni hiyo kwa Kilatini, res ipsa loquitur, yaani tukio linajieleza lenyewe. Basi halipaswi kuacha barabara lenyewe. Lori halipaswi kushuka mlima bila breki.

Zaidi ya hapo, tunalo jambo lililoandikwa kwenye sheria. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba katika mashauri ya madai, jambo linalojulikana hasa na upande mmoja, upande huo ndio wenye mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ina kifungu chenye maana hiyohiyo. Hebu weka kifungu hicho kando ya ukimya wa Henry E Jenkins & Sons. Lori lilibeba nini, lilitengenezwa lini na nani, lini mara ya mwisho breki zilifunguliwa: ni nani anayeyajua hayo hasa kama si mwenye lori? Nasikitika kila ninapoona hati ya madai imeandikwa kwa aya tano za mwendo kasi, na hakuna hata mstari mmoja unaodai historia ya matengenezo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili liguse ardhi yetu. Lori la mchanga linashuka mteremko, linagonga bajaji, abiria wawili wanakufa. Dereva anasema upepo uliisha. Kwa wengi hapo ndipo maswali yanapokoma. Lakini malori makubwa ya breki za upepo, yale yenye breki za springi kwenye ekseli za nyuma, yameundwa kwa namna ambayo upepo ukiisha springi hujibana zenyewe na kufunga magurudumu. Upepo ndio unaozizuia springi zisibane. Kwa hiyo maelezo ya "upepo uliisha", kwenye lori la aina hiyo ambalo halijachezewa, yangepaswa kuishia na gari limesimama kwa kishindo katikati ya barabara. Kama halikusimama, kuna jambo jingine. Pengine lainingi, yaani vile vitambaa vigumu vinavyobana dramu ya gurudumu, zilikuwa zimekwisha. Pengine adjasta, yaani vifaa vinavyorekebisha nafasi ya breki, zilikuwa zimelegea hata breki hazifiki kwenye dramu. Pengine springi zilifungwa na fundi kwa sababu zilikuwa zikimsumbua tajiri, mchezo ambao mafundi wa malori wanaujua vizuri. Au pengine gari halikuwa na ubovu wowote: dereva alishuka na gia kubwa, au akaweka fri, yaani bila gia yoyote, kuokoa dizeli, akakanyaga breki mfululizo hadi dramu zikachemka na lainingi zikakosa kushika.

Katika yote hayo hamna hata moja lililofichika. Kila moja lina mtu aliyepaswa kujua. Ndiyo maana nasema neno "kufeli" halitoshi kuwa utetezi hadi fundi afungue gurudumu na aseme ni nini hasa kilichofeli.

Tairi nalo lina kesi yake, na ingefaa kila mwenye basi aijue. Mwaka 1950 House of Lords iliamua shauri la Barkway dhidi ya South Wales Transport. Basi lilipasuka tairi, likavuka barabara na kuanguka, abiria wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi lilikuwa na mpasuko wa ndani uliotokana na kugongwa kwa nguvu, pengine zaidi ya mara moja, na mpasuko huo usingeonekana kwa kulitazama tairi kwa nje. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kukagua matairi. Ikawajibika hata hivyo, kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva watoe taarifa kila wanapogonga kitu kwa kishindo cha kuweza kuumiza tairi. Dereva mzoefu hulitambua pigo la namna hiyo pale linapotokea. Fikiria barabara zetu, mashimo yetu, matuta yasiyo na alama. Kisha jiulize ni mabasi mangapi ambayo dereva akigonga shimo la kutikisa roho saa tisa usiku anamwandikia mtu yeyote chochote asubuhi.

Henderson na Barkway zinakutana hapo. Kukagua ni lazima, lakini ukaguzi unaanza na taarifa. Mwenye gari anayesubiri macho ya fundi yaone kila kitu, huku masikio yake yameziba kwa dereva, hajatimiza uangalifu.

Vipi kuhusu fundi mwenyewe? Utetezi mwingine unaopendwa ni kwamba gari limetoka gereji juzi. Wakati mwingine utetezi huo unafaulu, na ni vizuri mdai aujue mapema ili asimshtaki mtu asiyestahili. Katika Phillips dhidi ya Britannia Hygienic Laundry, 1923, ekseli ya lori ilivunjika na kuharibu gari la mwingine. Ubovu ulitokana na matengenezo mabaya ya gereji. Wenye lori walikuwa wamelipeleka kwa mafundi wenye sifa, wakaonekana hawana uzembe. Mahakama ikasema pia kwamba kuvunja kanuni za serikali juu ya hali ya gari, peke yake, hakumpi aliyepata hasara haki ya kudai fidia. Mwaka 1939, katika Stennett dhidi ya Hancock na Peters, kipande cha gurudumu la lori kilichomoka, kikaviringika hadi kando ya barabara na kumuumiza mguu mtu aliyekuwa akitembea zake. Lori lilikuwa limetoka kutengenezwa muda mfupi uliopita. Mwenye lori akaachiwa, fundi akalipa, ingawa hakuwa na mkataba wowote na yule mpita njia.

Kwa hiyo fundi naye anashtakika. Msingi wake unatoka mbali: mwaka 1916 Jaji Cardozo wa New York, katika MacPherson dhidi ya Buick, alimwajibisha mtengenezaji wa gari ambalo mbao za gurudumu zilivunjika, kwa mtu ambaye alilinunua kwa wakala na si kwake. Lakini nataka nisisitize kile kilichomwokoa mwenye lori katika kesi za 1923 na 1939. Alilipeleka gari kwa fundi mwenye sifa. Akiulizwa alipeleka wapi, ana jina la gereji, ana risiti, ana maelezo ya kazi iliyofanyika. Mwenye lori aliyempigia simu fundi wa kando ya barabara aje na spana na hozi iliyotolewa kwenye gari jingine, akamlipa taslimu bila karatasi, hawezi kuingia kwenye kivuli cha kesi hizo. Mahakama itamuuliza alimchaguaje fundi huyo. Kuchagua fundi nako ni sehemu ya uangalifu.

Upande wa jinai ni mfupi zaidi. Dereva anayeshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari anaweza kujitetea kwa hitilafu ya ghafla, lakini utetezi huo una mpaka. Katika shauri la R (yaani Taji la Uingereza, upande wa mashtaka) dhidi ya Spurge, 1961, gari la mshtakiwa lilikuwa na tabia ya kuvuta kulia kila linapofungwa breki, naye alilijua hilo. Akatiwa hatiani, na rufaa yake ikashindwa. Hitilafu inamwokoa dereva pale tu inapomjia ghafla bila kosa lake. Ikiwa aliijua, au angeijua kama angekuwa makini, basi kuendesha gari hilo ndilo kosa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 zinakataza gari bovu kuwa barabarani, ajali iwepo isiwepo. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi dereva ndiye anayelala mahabusu peke yake. Alimwambia tajiri kwamba breki hazishiki vizuri, akajibiwa apeleke mzigo kwanza. Dereva wa namna hiyo, akiwa na ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba alitoa taarifa, ndiye shahidi mkubwa kuliko wote katika kesi ya fidia, na wakili wa familia afanye haraka kumtafuta.

Bima pia inahitaji kusemwa, kwa sababu hapo ndipo fedha zilipo. Bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine ipo kwa ajili ya huyu abiria wa bajaji na yule mpita njia. Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 405, kampuni ya bima haiwezi kumkwepa mtu wa tatu, yaani asiyekuwa sehemu ya mkataba wa bima, aliyeumia kwa kisingizio kwamba mkataba ulitaka gari liwe katika hali nzuri. Inaweza kumgeukia mteja wake baadaye kudai kilichotoka, lakini aliyeumia hahusiki na ugomvi huo. Malipo hayo yana kikomo, shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, na mwenye gari hubaki na deni la kinachozidi. Bima inatakiwa pia ipewe notisi ya kesi. Familia nyingi huambiwa na mawakala kwamba bima haitalipa kwa sababu gari lilikuwa bovu, wakaamini. Waulize hilo limeandikwa wapi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kesi ya Henderson inalifundisha bila kulitaja. Mjane yule alishinda kwa sababu bomba lilikuwepo. Mtu alilitoa kwenye gari, akalipima, akaeleza unene wake. Lingetupwa siku ya pili, kesi nzima ingebaki neno la dereva. Kwetu magari ya ajali hukaa kituo cha polisi wiki chache, kisha mwenyewe huja kulichukua, na baada ya mwezi limeshafungwa breki mpya na liko safarini. Ushahidi umekwenda nalo.

Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo zenye thamani, hata kama ndizo siku za msiba. Nchini Tanzania askari wa usalama barabarani hulikagua gari na kujaza fomu ya ukaguzi, PF 93, na familia inapaswa kuiulizia mapema, ikisoma kilichoandikwa kwenye sehemu ya breki, usukani na matairi. Fomu inayosema tu "breki mbovu" haitoshi. Mbovu vipi? Lainingi, hozi, upepo, adjasta? Picha za gurudumu lililofunguliwa zina nguvu kuliko aya nzima ya maelezo. Ikiwa kuna uwezo wowote wa kuchanga, fundi huru alitazame gari kabla halijatoka kituoni, na wakili aandike barua kwa mwenye gari na kwa polisi akitaka vifaa vilivyoharibika vihifadhiwe. Barua hiyo ni karatasi moja. Gari likitengenezwa baada ya barua kupokelewa, mahakama itataka kujua haraka ilikuwa ya nini.

Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3, Tanzania na Kenya pia. Unaonekana mrefu hadi pale kesi ya jinai dhidi ya dereva inapoahirishwa mara kumi, na familia ikiambiwa isubiri iishe kwanza. Hakuna haja ya kusubiri. Madai yanaweza kufunguliwa huku ya jinai ikiendelea.

Na yakifunguliwa, hati iandikwe kwa namna ambayo mwenye lori hawezi kufanya walichofanya Henry E Jenkins & Sons. Isiishie kusema dereva alikwenda kasi. Iseme kwamba mmiliki aliliachia barabarani gari ambalo hakulitunza, kisha wakili atoe notisi akitaka nyaraka kwa majina yake: kumbukumbu za matengenezo za miaka yote, risiti za spea za breki na matairi, ripoti za ukaguzi, hati za mizigo, orodha ya safari, jina la kila fundi aliyelishika gari mwaka wa mwisho, na kila ujumbe ambao dereva alimtumia mmiliki kuhusu hali ya gari. Mmiliki akizileta, kesi itaamuliwa kwa ukweli wa gari lile, na huenda akaonekana kweli hakuwa na kosa. Akikosa kuzileta bila sababu ya maana, jaji anaruhusiwa kuhitimisha kwamba yaliyomo ndani yake yangemwumiza yeye aliyezificha.